Mwandikie Kana Kwamba Simu Yako Haitapatikana

Kabla sijaanza kuwaachia watu wanyama wangu, mimi ndiye niliyekuwa naachiwa. Ndugu na majirani wakisafiri walijua nyumba ya kuleta ufunguo. Kwa hiyo maelekezo ya kumtunza paka au mbwa niliyafahamu kwanza kwa upande wa anayeyasoma: nimesimama jikoni kwa mtu, karatasi mkononi, mnyama ananikodolea macho. Karibu yote ninayoyaandika leo zamu yangu ya kusafiri inapofika nimeyapata huko.

Karatasi nyingi zilifanana. Zinaanza na chakula, zinapita kwenye matembezi, zinasimulia vituko vya mnyama kwa mapenzi mengi, halafu zinamalizia na "ukiwa na swali lolote nipigie tu." Hapo ndipo nilipokuwa naingiwa na wasiwasi. Maswali yenyewe huwa hayaji wakati mwenye mnyama anapatikana. Yanakuja akiwa angani, au yuko mkutanoni, au amelala fofofo kwa sababu huko aliko ni usiku wa manane. Ndiyo maana maelekezo yangu nayaandika kana kwamba simu yangu haitapatikana hata mara moja. Ikipatikana, heri.

Chakula kila mtu hudhani amekimaliza kwa mstari mmoja. Niliwahi kuandikiwa hivi: "Asubuhi kidogo, jioni kama kawaida." Ndani ya mfuko wa chakula kikavu kulikuwa na kikombe, na juu ya friji kulikuwa na kingine kikubwa zaidi, vyote vimeshika vumbi la chakula. Mbwa mwenyewe hakunisaidia, maana alikuwa tayari kwa kikombe chochote na muda wowote. Siku hizi napima kwa mizani, kwa gramu, nagawa kwenye vikopo, kopo moja mlo mmoja, na juu ya kifuniko naandika siku. Usahihi ni faida mojawapo tu. Watu wawili wakipokezana zamu, kopo tupu linamwambia wa pili kwamba mbwa ameshakula, hata kama mbwa anaapa kwa macho yake yote kwamba hajaonja kitu tangu jana. Naacha pia akiba ya siku chache za ziada, ya chakula kilekile, kwa sababu safari huchelewa na mnyama akibadilishiwa chakula ghafla huharisha. Chakula kipya huingizwa polepole, kikichanganywa na cha zamani kwa wiki moja hivi, na hiyo si kazi ya kumtwika mtu aliyekuja kukusaidia.

Wenye samaki wao wana jambo moja la kusisitiza: chakula kisizidishwe. Chakula kisicholiwa huoza, amonia inapanda ndani ya maji, na samaki wanakufa tangi likiwa limejaa chakula. Samaki wakubwa wenye afya huvumilia siku kadhaa bila kula. Ukarimu hawauvumilii. Gawa vipimo mapema, kopo lenyewe lifiche.

Kilicho kigumu zaidi kuandika ni jinsi mnyama alivyo siku ambayo hana tatizo lolote. Mwenyewe umekwisha kumzoea kiasi kwamba huoni cha kueleza. Nakumbuka jioni niliyoitumia nikiwa nimelala kifudifudi sakafuni kwa watu, tochi mkononi, nikimtafuta paka niliyeachiwa mchana. Kila dirisha limefungwa, mlango umefungwa, paka hayupo. Nilimkuta nyuma ya mashine ya kufulia, macho mawili tu yanang'aa, chakula hajakigusa. Mwenyewe yuko kwenye ndege. Usiku ule niliwaza kila ugonjwa ninaoujua. Asubuhi bakuli lilikuwa jeupe, na mchana mwenyewe akanijibu kwa furaha: "Aa, huyo akija mgeni hujificha, usiku anatoka kula." Maneno hayo machache yangekuwa kwenye karatasi, ningelala.

Lakini hatari kubwa iko upande wa pili, kwamba mwangalizi ataona ugonjwa na kuuita aibu ya mgeni. Paka anayeumwa naye hujificha. Kwa hiyo kwenye barua yangu naandika vyote viwili: siku ya kwanza atakuwa chini ya kitanda, usiku atatoka na kula, bakuli la usiku likikutwa halijaguswa, hiyo si aibu tena, nijulishe. Naeleza anakojoa mara ngapi kwa siku, choo chake kikoje, bakuli la maji hupungua kiasi gani hadi jioni, anaruka hadi wapi. Msomaji anaweza kuona ni upuuzi kumwandikia mtu habari za kinyesi kwa kirefu hivyo. Lakini beseni la mchanga husema mambo ambayo paka hawezi kuyasema.

Nina sababu za kukaza hapo. Paka asipokula siku mbili au tatu, hasa akiwa mnene, mwili huanza kuvuta mafuta yake kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia, mafuta yanajazana kwenye ini, na tatizo lililoanza kama kukosa hamu linageuka ugonjwa wa kuua. "Atakula tu akisikia njaa" ni kauli inayomfaa mbwa mzima kwa siku moja. Kwa paka haifai. Kwa sungura haifai kabisa: yule utumbo wake unatakiwa kusaga muda wote, na akikaa saa kama 12 bila kula wala kutoa choo ni dharura, hata kama amekaa kwa utulivu na anaonekana mzuri.

Jingine ni la paka dume. Mrija wake wa mkojo ni mwembamba na huweza kuziba. Utamwona anaingia kwenye mchanga, anachuchumaa, anatoka, anarudi, pengine analia, na mkojo hautoki au yanatoka matone tu. Asiyejua atadhani amefunga choo, ataamua kusubiri kesho. Ndani ya siku moja au mbili paka huyo anaweza kufa. Kwenye barua yangu mstari huo una herufi kubwa, na hauishii na "nipigie". Unasema: usinisubiri, nenda kwa daktari sasa hivi. Mbwa naye ana mistari ya aina hiyo: fizi zikiwa nyeupe au za bluu badala ya waridi, tumbo likivimba huku anajaribu kutapika na hakitoki kitu, jambo ambalo mbwa wakubwa wenye kifua kirefu hupata zaidi, degedege, kuhema kwa shida akiwa amelala. Mambo ya namna hiyo hayahitaji maoni yangu, na mwangalizi akianza kunitafuta kwanza anapoteza saa.

Hapa ndipo nilipogundua kwamba karatasi nzuri ya maelekezo inahusu ruhusa kuliko inavyohusu mnyama. Mtu uliyemwachia mbwa wako anaweza kuona wazi kwamba mbwa anaumwa, na bado akasita. Anajiuliza nani atalipa, daktari atamkubali vipi wakati mbwa si wake, na je, utamwona ana kiherehere akitumia pesa yako kwa kitu kilichokuja kuwa gesi ya tumbo? Nimewahi kusita hivyo mwenyewe nikiwa na mbwa wa mtu, na kilichonisimamisha hakikuwa kukosa ujuzi. Nilikuwa naona haya.

Kwa hiyo naandika barua ya pili, fupi, yenye sahihi yangu, ya kumpa daktari wa wanyama. Inasema fulani ana ruhusa yangu kumleta mnyama huyu na kukubali matibabu, hadi kiasi hiki cha fedha bila kuniuliza. Kikizidi hapo nitafutwe mimi, nisipopatikana atafutwe mdogo wangu, na yeye neno lake ni langu. Nakala moja napeleka kliniki kabla ya safari ili faili liwe linajua. Naacha na fedha za kuanzia, au namwekea daktari malipo ya awali, maana kumwambia mtu "utalipa, nitakurudishia" ni kumwomba mkopo huku mnyama analia. Naandika kliniki inafunga saa ngapi, na baada ya hapo ni wapi kwingine pa kwenda usiku, na njia ya kufika. Usiku wa dharura hakuna anayependa kuanza kutafuta ramani. Kikapu cha kumbebea paka nakitoa stoo na kukiacha wazi sebuleni wiki nzima kabla sijaondoka, paka azoee kulala humo. Kikapu kinachoonekana siku ya ugonjwa tu hugombaniwa kwa kucha.

Mbwa wangu alipozeeka, barua hiyo ilihitaji aya nyingine, na sikutaka kuiandika. Binti aliyekuwa anakuja kumwangalia ndiye aliyelazimisha. Tulikuwa tunapitia dawa za viungo, akafunika karatasi, akaniambia, "Dada, samahani kukuuliza. Ikitokea siku hiyo hupatikani, daktari akasema apumzishwe, mimi nifanyeje?" Nikamwambia haitafika huko. Akanyamaza, halafu akarudia swali lilelile, kwa upole. Alikuwa na haki. Nilikuwa nataka kuondoka na kumwachia uamuzi ambao mwenyewe naogopa hata kuutaja.

Tulikaa tukaandika. Kwamba sitaki afanyiwe upasuaji mkubwa kwa umri ule. Kwamba maumivu yatulizwe kwanza, hata kama ni kwa saa chache za kunitafuta. Kwamba ikionekana wazi anateseka na mimi sipatikani, mdogo wangu na daktari wanaomjua waamue, na yeye binti asiombwe kusema ndiyo wala hapana. Kwamba akitaka kukaa naye dakika za mwisho akae, asipotaka aondoke, na hatalaumiwa kwa lolote. Kwamba mwili uhifadhiwe hadi nirudi. Safari ile mbwa alikula, akalala, akabweka kila mpita njia, na nikamkuta mzima. Lakini binti aliniambia kwamba aya ile ndiyo iliyomfanya aweze kulala pale nyumbani bila kuamka kila saa kuangalia kama mzee anapumua.

Dawa zina tabu yake. Paka wangu mmoja alipata kisukari, akawa anachomwa insulini mara mbili kwa siku, kama saa 12 kati ya sindano na sindano. Jambo kama hilo halielezwi kwa maandishi peke yake. Mwangalizi alikuja siku kadhaa kabla, akanitazama mara moja, kisha akachoma yeye mimi nikimtazama, hadi mkono ulipoacha kutetemeka. Kwenye karatasi niliandika hasa yale ya kufanya mambo yakienda kombo. Chakula kwanza, sindano baadaye. Asipokula, au akitapika alichokula, usichome kipimo kizima kwa mazoea, mpigie daktari. Ukichoma na hujui kama dawa imeingia au imemwagikia kwenye manyoya, usirudie. Kukosa kipimo kimoja hakuna hatari kubwa kama kuchoma mara mbili. Akilegea, akayumba, akatetemeka, sukari imeshuka: mpake asali au maji ya sukari kwenye fizi, kidogo kidogo asipaliwe, na safari ya kwa daktari ianze hapohapo.

Kuna na mabomba ya sindano. Insulini nyingine ina uniti 40 kwa mililita moja, nyingine ina 100, na kila moja ina bomba lake lenye mistari yake. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 hadi mstari uleule, umempa paka mara mbili na nusu ya kipimo chake. Duka la dawa halitakuuliza ni la nani. Kwa hiyo niliacha mabomba ya kutosha na ya ziada, ili asilazimike kwenda kununua, na mabomba ya aina nyingine sikuyaacha ndani ya nyumba.

Kuhusu milango nitasema kifupi. Mnyama akipotea mwenyewe akiwa safarini, mara nyingi ni siku za mwanzo, na mara nyingi ni mlangoni, mwangalizi akiwa na mizigo mikononi. Nabandika karatasi upande wa nje wa mlango, usawa wa macho: "Paka yuko nyuma ya mlango huu." Mbwa hafunguliwi kamba nje, hata kama nikiwepo huwa namfungua, kwa sababu anaporudi nikimwita anaifuata sauti yangu. Kwenye mkanda wake wa shingoni naongeza namba ya mwangalizi, kwani atakayemwokota akipiga yangu hatapata mtu wa kuja kumchukua. Na wengi wanadhani ile chipu ya chini ya ngozi inaonyesha mnyama alipo. Haionyeshi. Ndani yake mna namba tu, kwa kawaida ya tarakimu 15, inayosomwa na mashine iliyo karibu, na haina maana yoyote ikiwa kwenye sajili bado kuna simu uliyoacha kuitumia zamani.

Kisha kuna wema wa mwangalizi mwenyewe, ambao maelekezo mengi huusahau. Tunaorodhesha hatari za nyumba yetu, ilhali nyingine zinaingia na mkoba wake. Dawa ya kichwa: tembe moja ya parasetamoli inaweza kumuua paka. Gamu zisizo na sukari: nyingi zina zailitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, ambayo kwa mbwa hushusha sukari ya damu ghafla na inaweza kuharibu ini. Chokoleti, zabibu mbichi au kavu, vitunguu, vyote mbwa hapaswi kupewa hata akiomba kwa adabu. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye pemethrini ni sumu kwa paka, na mtu akiona paka anajikuna sana anaweza kuipaka kwa nia njema kabisa. Mkoba naomba utundikwe, usiwekwe sakafuni, na nimeweka ndoano mlangoni kwa kazi hiyo.

Maua pia. Mtu anayekupenda, akijua unarudi kesho, anaweza kuona ni vizuri ukute chombo cha maua mezani. Akiweka mayungiyungi (yale ya bustani, lily kwa Kiingereza, si ya majini), paka akiramba chavua iliyomwangukia mgongoni, au akinywa maji ya chombo kile, figo zinaweza kufa. Kwenye barua yangu imeandikwa: tafadhali usituletee maua, tutakunywa chai pamoja.

Barua inakuwa ndefu, na ndefu haisomwi. Nilivyoachiwa kijitabu kizima cha kasuku wa mtu nilisoma kurasa za mwanzo, nyingine nikapitisha macho, na katikati ya kijitabu ndimo ulimokuwa mstari muhimu kuliko yote: usikaange kwa kikaango kisichoshika chakula ndege akiwa karibu, kwa sababu kikipata moto kupita kiasi hutoa mvuke unaoua ndege kwa dakika chache. Nilikuta mstari ule siku ya tatu. Bahati nilikuwa nakula baridi. Sasa nina ukurasa mmoja mlangoni mwa friji wenye saa za mlo, dawa, namba za simu na yale ya "nenda sasa hivi". Mengine yote, pamoja na vituko, wimbo anaoupenda na mahali anapotaka kukunwa, yako kwenye daftari ambalo mtu atalifungua akiwa ametulia. Ule ukurasa mmoja tunausoma pamoja kwa sauti kabla sijaondoka. Inachekesha kidogo, watu wazima wawili wanasomeana ratiba ya paka, lakini maswali yote mazuri huibuka hapo.

Siombi picha nyingi. Naomba moja kwa siku, na naomba iwe ya bakuli baada ya mlo. Sura ya paka ije kama nyongeza. Paka mgonjwa anaweza kutoka vizuri sana kwenye picha. Na kwenye kurasa za mwisho za daftari mwangalizi anaandika anachokiona: kala nusu, kakojoa mara mbili, kakohoa usiku. Nikirudi nasoma kabla sijafungua begi. Mara nyingi anakuwa ameona nisichokiona mimi niliye naye kila siku. Binti yule ndiye aliyeandika kwamba mzee anasita kabla ya ngazi ya pili, mguu wa kushoto wa nyuma, asubuhi tu. Daktari alibadilisha dawa kwa sababu ya mstari huo.

Kabla ya kila safari naifungua upya barua yenyewe: uzito wa sasa, kipimo cha sasa, namba za simu, kliniki kama bado iko palepale. Juu naweka tarehe. Toleo la zamani nalichana vipande na kulitupa siku hiyohiyo, na lile lililobaki mlangoni mwa friji nalibandua kwa mkono wangu, kwa sababu mwangalizi akikuta karatasi mbili zenye vipimo viwili vya dawa atachagua moja, na huenda asichague ya leo.